Maji ya Pilau Yaliishia Kichwani Mwangu

Nikiwaambia kwamba Jibondo nzima inanijua kwa sababu ya nywele zangu, msije mkadhani ni kwa uzuri. Nywele zenyewe ni hizi hizi mnazoziona, za kawaida kabisa, na mpaka leo nikishuka pale ufukweni lazima atokee mtu aniulize, "Bi Saumu, umeshaoga huko utokako au tufiche maji?" Nacheka. Nimejifunza kucheka. Siku yenyewe nililia, tena nililia nikiwa na nazi machoni, hata sijui yale machozi yalikuwa ya aibu au ya kuwashwa.

Mambo yalianzia kwetu Kilindoni, mji wa kisiwa kikubwa, kwa shoga yangu Mwajuma, ambaye anatengeneza shampuu za asili jikoni kwake na kuzitia kwenye chupa za soda. Wakati huo Athumani, fundi wa boti wa Jibondo, alikuwa ameshasema kwao kwamba anataka kunioa. Baba yake aliridhika siku ile ile. Mama yake, Bi Mosi, akasita, na sababu aliyoitoa ilikuwa moja tu: "Wanawake wa Kilindoni wamezoea bomba. Huyo atanimalizia maji." (Asiyeijua Jibondo anaweza kucheka hapa. Kisiwa kile ni kikavu, visima vyake vina chumvi, na maji matamu ya kunywa na kupikia wakati ule yalikuwa yanavushwa kwa boti kutoka kisiwa kikubwa, kwa hiyo mwanamke akiingia nyumba ya watu anatazamwa kwanza anavyoshika kopo, sura baadaye.)

Basi dada yake Athumani, Zuhura, akawa anaolewa Ijumaa, na mimi nikaalikwa. Nilijua naitwa kutazamwa. Athumani si mtu wa kumkaidi mama yake, Bi Mosi akikataa imekwisha, na mimi nilikuwa nampenda yule fundi kuliko nilivyokuwa tayari kukiri mbele ya watu.

Sasa, kichwa changu kilikuwa na mba, na sikutaka mkwe auone. Nikaenda kwa Mwajuma. Akanichambua nywele, akanisugua ngozi ya kichwa kwa kidole, akanionyesha kidole chenyewe kinavyong'aa. "Shoga, hii ngozi ya mafuta. Mba wako unatokana na mafuta. Chukua ya mwarobaini na ndimu, itakausha." Nikafungua chupa nikanusa. Ilinuka kama dawa ya kuogeshea mbuzi! Pembeni yake palikuwa na nyingine, ya tui zito, asali na ute wa mwani, ameiandika kwa kalamu "nywele kavu, ngozi kavu", na harufu yake ilikuwa ya kaimati za Ramadhani. Nikamwambia mba ni ukavu, nimesoma kwenye simu, ngozi ikikauka inabanduka, hata mtoto analijua hilo. Mwajuma akanitazama. "Kichwa chako," akasema, na akanifungia ile ya nazi.

Nikaenda kukutana na mkwe nikiwa nimechagua shampuu kwa pua.

Ijumaa asubuhi nikapanda boti, mawimbi yakanirushia maji ya bahari njia nzima, nikafika nywele zimeshikana chini ya mtandio. Nyumba ya harusi imejaa wanawake, wengine wanamenya vitunguu, wengine wanachagua mchele. Nikamwendea Bi Mosi, mwanamke mwembamba, mrefu, hapepesi macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari." Akanipa maji ya kunywa, nusu kikombe. Nikanywa mpaka tone la mwisho na kikombe nikakirudisha kwa mikono miwili, naye akainamisha kichwa kidogo kwa kuridhika. Moyo ukatuna kwa furaha.

Zuhura, bibi harusi mwenyewe, akaninong'oneza kwamba wanaume wakirudi kutoka swala ya Ijumaa watakula pilau, halafu wanawake tutakaa ndani naye, vichwa wazi, tuvikane asumini. Vichwa wazi! Nikamwomba Bi Mosi ruhusa ya kuoga, na hapo hapo nikaona nafasi ya kujipatia sifa. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Mimi mnipe maji ya kisima tu, mama. Matamu muweke ya kupikia." Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema, "Huyu kafunzwa." Nilijiona nimeshaolewa, nina watoto wawili.

Bafu lilikuwa uani, la makuti, halina paa. Nikajimwagia maji ya kisima, nikatia shampuu. Povu hakuna. Nikatia nyingine. Hakuna. (Baadaye Mwajuma alinieleza kwamba shampuu ya asili povu lake ni dogo hata kwenye maji mazuri, na kwenye maji ya chumvi ndiyo usahau, lakini aliponieleza tayari nilikuwa nimeshakuwa hadithi.) Mimi niliyezoea kwamba pasipo povu hapajatakata, nikaendelea kumimina mpaka nikafika nusu ya chupa, na lile tui na chumvi vikashikana vikawa kitu kama nta, nikipitisha vidole vinakwama, na maji ya kisima ndoo nzima yakaisha.

Nikachungulia nje ya makuti. Pembeni tu, mkono unafika, palikuwa na pipa dogo la buluu lenye mfuniko. Nikaonja kwa kidole. Matamu. Nikajiambia kopo moja, nani atajua?

Kumbe ute wa mwani ukipata maji matamu ndiyo unafurahi. Ukavimba. Nikamwagia kopo la pili kuondoa ute wa kopo la kwanza, la tatu kuondoa wa la pili, mafuta yanashuka usoni, macho yanawaka, nimefumba natafuta pipa kwa kupapasa, nachota, namwaga, nachota, namwaga, hata sihesabu tena, mpaka kopo likakwaruza chini. Ule mkwaruzo niliusikia mimi.

Na Mama Pili, mpishi wa shughuli, aliusikia vilevile.

"Nani kagusa pipa langu?" Akapiga sufuria kwa mwiko. "Nauliza, maji ya pilau nani kagusa? Nyama imeiva, vitunguu vimeshakuwa vyekundu, mchele nimeuroweka, nije nichote, pipa kavu!"

Nikasikia ndara zinakuja. Sikuwa na pa kukimbilia, na hata kama pangekuwepo, mfereji ulikuwa unatiririka kutoka miguuni kwangu hadi miguuni kwao, mweupe, unanukia nazi. Nikajifunga kanga nikatoka. Nywele zimelala kichwani kwa mafungu, mba wenyewe umeshikwa na ile nta umekuwa mkubwa mara mbili, mafuta yananidondoka puani. Wanawake wanaweza kuwa ishirini, wamejipanga uani kunitazama. Bi Mosi akasogea, akalitazama pipa, akanitazama mimi kuanzia juu, akamgeukia mpishi.

"Usitafute tena. Pilau iko kichwani kwa mgeni."

Wakacheka mpaka mwingine akakaa chini. Mimi ndipo nikalia.

Kutoka msikitini ikawa inasikika hotuba inafikia mwisho. Bi Mosi akatuma watu nyumba kwa nyumba, na kisiwa kikaanza kuleta maji: huyu jagi, huyu kidumu, bibi mmoja kaleta birika lake la kutawadhia. Watu wale walitoa maji ya siku yao kwa ajili ya harusi ya jirani bila kunung'unika, nami nilitamani wanung'unike, ingekuwa nafuu. Ila kila aliyemimina alipitia kwanza kuja kukiangalia kichwa. Wanaume waliporudi hawakukuta chakula, wakaketi mikekani, wakauliza kulikoni, wakaelezwa. Nilimsikia Athumani akikohoa kuficha kicheko. Pilau ililiwa karibu na alasiri, na watu walisema imetoka vizuri sana, labda kwa njaa.

Mimi nilijifungia chumbani nikafunga begi. Bi Mosi akaingia na bakuli la unga wa dengu uliobaki kwenye bajia, ndimu mbili na kopo moja la maji. Moja. Nikasema, "Mama, nisamehe, nitaondoka na boti ya leo." Akanikalisha chini kati ya magoti yake, akanipaka unga mkavu kichwa kizima, akausugua, akaukung'uta na mafuta yakatoka nao. Akakamua ndimu. Kisha akawa anachovya vidole kwenye kopo na kunipitishia fungu kwa fungu, bila haraka, na alipomaliza kopo lilikuwa na maji bado.

"Kichwa cha mafuta hiki," akasema. "Nazi umetia ya nini? Unajiunga kama kisamvu?"

"Ile nyingine ilikuwa inanuka, mama."

Nyuma yangu nikasikia mwili wake unatikisika. Ilinichukua muda kujua kwamba alikuwa anacheka.

Aliniozesha mwanawe, ndiyo, miezi michache baadaye. Lakini siku ya harusi yangu nilikuta pipa la buluu limetiwa kufuli, na ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga ya mkwe wangu. Nikadhani ni utani wa siku moja. Kufuli lilikaa miaka mitatu. Nikitaka maji ya kuoshea nywele napiga hodi kama mgeni, napimiwa kopo, na shampuu yangu ya mwarobaini inayonuka dawa ya mbuzi naitumia huku nashukuru (mba, kwa taarifa yenu, umekwisha).

Mwezi uliopita Bi Mosi alivuka kwenda Kilindoni kutazamwa macho, siku nne. Tulimsindikiza ufukweni. Alishaingiza mguu mmoja kwenye boti, akarudi, akafungua lile fundo la pindo lake kwa meno, akaniwekea ufunguo kiganjani mbele ya watu wote.

Siku ya pili nikaosha nywele. Makopo mawili. Aliporudi, kabla ya kuvua viatu, alinitaka nifungue pipa, akachungulia, kisha akalifunika mwenyewe na kwenda kuswali, na ufunguo hakuudai. Ninao hapa, kwenye pindo, na siku nitakayochagua tena kitu cha kichwani kwa kunusa, nimemwambia Athumani aninyang'anye.