Katembo Asilimia Ishirini

Kanyere, muuza vitenge wa Kabondo, alishika karatasi aliyoiandika akisomewa herufi kwa herufi kwenye fonia, ile simu ya redio, kutoka Goma: anwani ya intaneti ya orodha ya watu waliopotezana vitani, na mwishoni jina la kaka yake limevurugika, Katembo%20Li%E9vin. Njia nzima alikuwa akijiuliza kama hiyo asilimia ishirini ndiyo uhai uliombakia. Kibandani, mwenye mashine za intaneti akapuliza masizi ya jenereta kwenye vibonye, kama anavyompulizia kila mteja, akaanza kuandika kwa vidole viwili huku midomo ikitaja kila alama. “Mama, mashini haikubali nafasi wazi. Pale majina yanaachana, inatia asilimia ishirini. Na E9 iko é ya Liévin.” “Donc, basi, iko muzima?” “Najua jina tu, mama.” Kanyere akaitazama tena ile asilimia ishirini karatasini.

Yule bwana alipofika kwenye jina na kugusa K, mashine ikamtangulia, ikamalizia jina jingine: Katungu%20Adeline. Safari hii Kanyere alilisoma mwenyewe, na nafasi yake katikati. “Huyu iko nani?” Yule bwana akalifuta herufi moja moja, bila haraka. “Bibi yangu, ule nilioa. Jina yake naandikaka pa hii orodha kila asubuhi, mbele ya kufungua mulango.” “Na mashini inajibuaka nini?” Akapuliza vibonye tena, ingawa vilikuwa safi. Akaandika jina la Katembo mpaka mwisho, kisha akamwonyesha Kanyere kibonye kikubwa cha kutuma. “Finya weye, mama,” akasema, akageukia ukutani.