Msindikizaji wa Namba Kumi na Saba

Kazi yake ilikuwa kukaa. Usicheke, maana hata wifi yake alicheka alipoambiwa, akauliza kama huko wanaajiri na watu wa kulala ili naye apeleke barua. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Katika kituo kimoja cha utafiti, ghorofa ya pili, kulikuwa na chumba chenye godoro nene sakafuni na pazia zito dirishani, na humo yeye alikaa kwenye kiti cha mbao saa sita mfululizo, pembeni ya mtu aliyemeza dawa ya njozi. Dawa ilitolewa kwenye uyoga. Watafiti walitaka kujua kama mlevi aliyeshindikana, akiipata mara moja tu chini ya uangalizi, anaweza kuachana na pombe. Mshiriki alifungwa kitambaa machoni, akawekewa muziki masikioni, akajilaza na kusafiri kichwani mwake. Mwanamke huyu, aliyeitwa msindikizaji, alibaki duniani kumngoja.

Masharti hayakuwa mengi. Usimsemeshe mpaka akusemeshe. Akiomba mkono, mpe. Kila neno analotamka liandike kama lilivyo, umsomee kesho yake asubuhi akiwa na akili zake. Na kama unamfahamu mshiriki, sema mapema ukae kando. Profesa aliyeongoza utafiti, mama mfupi asiyependa mzaha, aliwaonya kwenye mafunzo kwamba ikifika saa ya tatu tangu dawa imezwe mtu anakuwa kama amechunwa ngozi. Neno moja baya ukimwambia saa hiyo, alisema, linaweza kumkaa kichwani miaka.

Wenzake waliandika onyo hilo kwenye madaftari yao. Yeye hakuandika, na bado alilikumbuka kuliko wao wote.

Kabla ya kiti hicho alikuwa muuguzi, na si muuguzi wa kubabaisha. Wodi ya wazazi aliyofanyia kazi ilikuwa na mtindo wake: daktari alitoa maagizo ya dawa kwa mdomo akipita, muuguzi akayaandika daftarini, kisha daktari akaja kutia saini zote kwa mkupuo zamu ikiisha. Sheria ilitaka saini kwanza, sindano baadaye. Lakini nani angemkimbiza daktari korido nzima kwa ajili ya saini? Wote walifanya hivyo, na kwa kuwa wote walifanya, haikuonekana kuwa kosa.

Mchana mmoja daktari wa zamu alirudi kutoka kula akiwa na macho mekundu, ananuka pombe iliyofunikwa kwa peremende. Akataja kipimo cha dawa ya mama mmoja aliyejifungua asubuhi hiyo. Kilikuwa mara kumi ya kinachotakiwa. Muuguzi akauliza. Akajibiwa kipimo kilekile. Akauliza tena, naye akaulizwa mbele ya wagonjwa kama hapa daktari ni nani. Akaona aibu, akachoma sindano. Yule mama hakumaliza saa nzima.

Daftari halikuwa na saini. Kwenye faili la mgonjwa daktari aliandika kipimo sahihi, kwa mwandiko mzuri, baada ya mtu kufa. Baraza la wauguzi likamsikiliza yeye, likamsikiliza daktari, na ni wazi nani alisikilizwa zaidi. Muuguzi alifutwa kwenye orodha ya wauguzi. Mama yake mzazi aliingia kaburini akiamini amezaa muuaji. Kwa miaka kumi na moja alifua mashuka, kwanza ya nyumba ya wageni, baadaye ya kituo cha utafiti, na hapo ndipo profesa alipomkuta siku moja amemtuliza mshiriki aliyepagawa koridoni, akamtoa kwenye beseni na kumpa kiti.

Sindano ile aliichoma kwa mkono wake mwenyewe, na hilo halikani. Amelibeba peke yake. Kilichomuuma ni hilo neno, peke yake.

Basi asubuhi moja mlango ukafunguliwa, akaingia mshiriki namba kumi na saba: mzee mrefu, mashavu yamemwanguka, shati limepigwa pasi vibaya na mtu asiyezoea kujipigia. Alikuwa yule daktari. Pombe ilikuwa imemlia kazi, mke na nusu ya meno. Akampa mkono na kusema, "Asante kwa kunikubali, dada." Hakumtambua. Madaktari wa aina yake walimtazama muuguzi kama mtu anavyoutazama mlango, unasukuma unapita, na mlango nani anaukumbuka sura?

Fomu iliuliza: unamfahamu mshiriki? Akatia alama kwenye Hapana. Mkono haukusita hata kidogo.

Jioni alimweleza wifi yake, mjane wa kaka yake aliyekuwa akiishi naye. Wifi aliacha kukuna nazi. Alipendekeza sumu, halafu akapendekeza ngazi, kwamba ghorofa ya pili si haba mtu akiteleza vizuri. Alikuwa anatania, ila si sana. Msindikizaji akasema hahitaji vyote hivyo. Saa ya tatu itakapofika, atainama sikioni mwa yule mzee na kumwambia: yule mama yuko hapa mlangoni na kichanga chake, na hataondoka kamwe. Basi. Hilo neno litamtosha mpaka afe. Wifi akaendelea kukuna nazi yake.

Siku ya dawa, mzee alimeza vidonge saa tatu asubuhi. Saa ya kwanza alikohoa na kulalamika baridi. Saa ya pili akaanza kulia, akaomba mkono, naye akampa, kwa sababu ndiyo kazi. Akahesabu dakika kwenye saa ya ukutani. Saa ya tatu ilipogonga aliweka kalamu chini, akapiga magoti pembeni ya godoro, akamtoa kifaa cha sikio la kushoto taratibu. Mdomo wake ulikuwa karibu kabisa na sikio.

Hapo mzee akatabasamu. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshushiwa mzigo, "Yule mama amekuja. Amenimwagia maji kichwani. Amenisamehe."

Akaendelea kusema, na masharti yalikuwa masharti, ikabidi msindikizaji arudi kitini aandike. Amesamehewa na mama wa wodini. Amesamehewa na mkewe. Amesamehewa na watoto, na baba yake aliyekufa zamani, hata na mbwa aliyemgonga kwa gari akiwa kijana. Aliandika kurasa nne. Akangoja atajwe muuguzi. Mbwa alikuwemo. Muuguzi hakuwemo.

Hasira iliyompata hapo haikufanana na ile aliyokuja nayo. Ile ya kwanza ilikuwa kuukuu, ameizoea. Hii ilikuwa mpya na ilimfanya aone vizuri sana. Aliona kwamba akimvunja sasa hivi, mzee atatoka hapa na kukimbilia chupa, na akishaingia kwenye chupa hashikiki. Mlevi ukimshitaki anasema nilikuwa nimelewa, na watu wanamwonea huruma. La. Huyu alimtaka mzima. Alimtaka na akili zake zote, usingizi mzuri, chakula tumboni, kumbukumbu zimerudi mahali pake. Alimrudishia kifaa cha muziki sikioni, akamfunika shuka hadi mabegani.

Kuanzia hapo hakuna msindikizaji aliyefanya kazi kama yeye. Kesho yake alimsomea mzee kurasa zote nne, bila kuongeza neno wala kupunguza. Utaratibu ulitaka mshiriki afuatiliwe miezi sita, apigiwe simu kila wiki na kuulizwa amekunywa glasi ngapi. Wenzake walipiga mara moja, wasipopokelewa wakaandika hakupatikana. Yeye alipiga mpaka apokelewe. Wiki ya kwanza glasi mbili, wiki ya pili hakuna. Alimwambia mzee ale asubuhi. Alimwambia atembee, abadilishe njia ya kwenda sokoni ili asipite mbele ya baa.

Wiki ya tisa mzee alimpigia yeye, saa sita mchana, amesimama nje ya baa hiyohiyo na analia. Msindikizaji akavua kandambili akavaa viatu, akaenda, akakaa naye kwenye benchi la kituo cha mafuta mpaka saa tisa, wakizungumzia mapishi ya maharage. Mzee alirudi nyumbani bila kuonja tone. Wifi aliposikia alishika kiuno. Akasema huyo baba mke wake mwenyewe hakuwahi kumtunza hivyo, na kama ni mapenzi basi aambiwe mapema ajiandae.

"Wifi, mbuzi wa shughuli hatunzwi?" akamjibu.

Wifi hakutania tena juu ya jambo hilo.

Nisikudanganye kwamba moyo wake ulilainika njiani. Watu hupenda hadithi za namna hiyo, kwamba ukimhudumia adui unaishia kumpenda. Yeye kila sifuri aliyoiandika ilimpa raha mbaya. Mzee alinenepa kidogo, akanyoa vizuri, akaanza kupewa kazi ya kufundisha wanafunzi wa udaktari mara mbili kwa wiki. Vyema. Sasa alikuwa na kitu cha kupoteza.

Siku ya mwisho ya miezi sita mzee alikuja kwenye chumba cha mahojiano akiwa na shati jipya. Alijibu maswali yote. Siku mia moja na sabini bila tone. Akasema hajui amshukuruje, kwamba dawa ilimfungua lakini dada huyu ndiye aliyemshika. Msindikizaji alifunga daftari la utafiti, akalisukuma kando, akamwekea mbele karatasi mbili zilizopigwa chapa.

Zilieleza mchana ule wote: kipimo alichokitaja, mara mbili alizoulizwa, faili lililoandikwa baada ya kifo. Chini palikuwa na nafasi ya saini, na juu palielekezwa kwa baraza la wauguzi. Mzee alisoma taratibu. Alipofika kwenye jina la muuguzi alilisoma kwa sauti, kama mtu anayejaribu ufunguo, kisha akainua macho na kumtazama usoni kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo.

"Nilikuwa nimelewa siku ile," akasema. "Sikumbuki vizuri."

"Wiki ya kumi na nne uliniambia kumbukumbu zimerudi zote. Nimeandika."

Akajaribu kumwomba radhi. Alisema pole, akasema tena, akamwita dada yangu, akamwita binti yangu. Yeye akamwambia maagizo ya mdomo ameshayashiba, hayo ndiyo yaliyomfikisha kwenye beseni la mashuka. Anataka saini.

"Nikitia saini wataniita mahakamani."

"Huenda."

"Nitarudi kunywa. Unajua kabisa nitarudi kunywa."

"Tia saini kwanza."

Mzee alilia, safari hii bila dawa na bila muziki. Hakuna aliyempa mkono. Ilichukua muda, na msindikizaji alikaa tu, maana kukaa alikuwa anakuweza. Hatimaye mzee alishika kalamu, akatia saini ukurasa wa kwanza na wa pili, akaandika na tarehe. Ilikuwa tamu. Wanaosema kisasi hakina ladha hawajakingoja miaka kumi na moja.

Alipokuwa akizikusanya karatasi, mzee alimuuliza kwa sauti ndogo kama sasa amemsamehe.

"Aliyekusamehe ulimwota," akamwambia. "Mimi nilikuwa macho."

Akatoka na karatasi zake mpaka kwenye ofisi ya profesa mwisho wa korido. Alijua kwamba akishasema kuwa alimfahamu mzee tangu mwanzo, namba kumi na saba itafutwa kwenye utafiti, miezi sita ya kazi itapotea, na kiti atapewa mwingine kabla ya jioni. Profesa hakuwahi kumkosea kitu, na hilo peke yake ndilo lililomsimamisha kidogo pale mlangoni. Kisha akabisha hodi.