Magadi ya Kwenda Ceres

Mimi ni mtu wa ndani. Kila Ijumaa wenzangu, wafanyakazi wa nyumba za mtaa wetu wa Mirdif, walitoka kwenda kupunga upepo, mimi nilibaki jikoni nikiiangalia Dubai kupitia dirisha la juu ya sinki, na sikuona nimepungukiwa. Dereva wa nyumba niliyofanyia kazi, Mkenya wa Nakuru, alikuwa akiniambia, "Wewe ulikuja huku kubadilisha jiko tu."

Madam, mwajiri wangu, alikuwa wa ukoo wa Unguja, kwa hiyo na binti yake tulizungumza Kiswahili. Binti alikuwa na miaka kumi na miwili na haya kiasi cha kumnong'oneza hata paka. Shuleni walipewa kazi ya kubuni chombo cha kwenda kuchota udongo wa sayari kibete iitwayo Ceres na kurudi nao. Wiki nzima aliniimbia habari hizo: chombo kimoja kilishaizunguka, kikapiga picha madoa meupe yanayong'aa, lakini hakuna aliyewahi kuleta hata chembe.

"Kwenda si kazi, dada. Kazi kurudi."

Jumapili, ambayo huko wakati ule ilikuwa siku ya kufungua wiki ya shule, angesimama mbele ya darasa kwa mara ya kwanza maishani, afungue kichupa cha poda nyeupe aliyopewa na mwalimu iwe mfano wa udongo huo, aitie siki, itoe mapovu.

Jumapili hiyo niliamka na bidii isiyoombwa na mtu. Sinki lilikuwa limeziba wiki mbili. Pembeni nikaona kichupa kisicho na maandishi. Nikajisemea, madam kakumbuka dawa ya sinki. Nikamwaga yote, na maji ya moto juu. Likameza vizuri mno. Nilikuwa bado najisifu alipoingia binti na sare yake.

"Dada, Ceres yangu iko wapi?"

Nikaangalia kichupa, nikaangalia tundu la sinki.

"Imeshaondoka," nikasema.

Hakulia, afadhali angelia. Alikaa sakafuni akasema haendi, niseme anaumwa tumbo.

"Kwani ilikuwa nini hasa?"

"Sodiamu kabonati. Ndiyo yale madoa meupe."

Nilipokuwa shuleni Dodoma, alama yangu ya kemia mwalimu aliisoma kwa sauti ya chini, kwa huruma. Lakini jina hilo nililikumbuka, kwa sababu siku ya somo hilo alishika kipande mkononi akasema: hiki mama zenu hutia kwenye mboga ya mlenda. Nikakimbilia begi langu. Wenzangu walikuja Dubai na nguo za kupigia picha. Mimi nilikuja na magadi.

Nikayatwanga kwenye kinu cha iliki.

"Mbona rangi ya vumbi?"

"Yamesafiri mbali."

Hata hakutabasamu. Nikadondoshea siki kidogo. Yakachemka, fyuuu, na hapo akacheka. Kisha akakunja uso.

"Lakini nitakuwa nasema uongo."

"Kwani ya mwalimu ilitoka Ceres?"

Akafikiri, akachukua kalamu, akaandika kwenye kichupa: *Magadi, Dodoma, Tanzania*. Akaniomba nimshikie kichupa hadi shuleni.

"Haiya!" dereva akasema akinifungulia mlango wa gari. "Leo jua litakuona. Umejipaka mafuta?"

Mchana nikaenda tena kumchukua, kwa maana kukaa nyumbani kulinishinda, mimi!

"Mara mbili siku moja," dereva akasema. "Utaugua."

Nilikuwa naangalia lango. Binti akatoka anakimbia, yeye asiyekimbia.

"Yamefurika mpaka mezani, dada! Mwalimu kauliza yanapikiwa nini, nikawaeleza mlenda. Wote wakanisikiliza!"

Nikapumua kama niliyetuliwa mzigo kichwani. Akanirudishia kichupa, nusu bado imo.

"Basi chombo kimerudi salama," dereva akasema.

Alibaki madam. Jioni nikamweleza yote, macho yangu yako kwenye vigae. Akaenda kwenye sinki, akafungua bomba, akasikiliza maji yanavyoshuka.

"Hayo magadi yako," akauliza, "yamebaki? Sinki la ghorofani nalo limeziba."