Springi Niliyoitoa kwenye Pampu ya Mjomba

Harufu ya mabibo ya korosho yaliyooza huanza tamu, na hilo ndilo linalonichukiza zaidi. Ukivuta pumzi ya kwanza unadhani ni sharubati. Ya pili ni siki. Ya tatu ni kitu kilichofia chini ya kitanda. Nimekaa Masasi, nikakaa Tunduru, Kilwa, hata Tanga, kila mahali nikihama pale nilipoanza kuzoeleka, na kote huko nimekumbuka kwetu kwa hamu: mchanga mwekundu wa njia ya Mpapura, muhogo wa kuchoma, wanawake wakibangua korosho huku wakimsema mtu ambaye hayupo. Lakini nikikumbuka kwa muda mrefu kidogo, harufu ile inaingia bila hodi na mate yananijaa mdomoni.

Nilimaliza kidato cha nne katikati ya miaka ya tisini, matokeo yakawa ya kukunja na kuweka mfukoni, nikaenda kujifunza ufundi bomba kwa fundi mmoja pale Ufukoni, mjini. Alikuwa mtu wa bara aliyeletwa na kazi ya bandarini. Hakuwa mwalimu. Alikuwa anafanya, wewe unatazama, ukiuliza anakwambia shika hapa.

Kifaa kilichonivutia kuliko vyote kwenye sanduku lake kilikuwa valvu ya kuzuia maji kurudi, ile mafundi wanayoiita nonritani. Kwa nje haina la kusimulia: kipande cha shaba cha kujaa kiganja, kina mshale umechongwa ubavuni kuonyesha maji yanakoelekea. Ndani kuna kisahani chenye mpira, na nyuma ya kisahani kuna springi laini, unaweza kuibana kwa kidole kimoja. Maji yakisukuma, kisahani kinarudi nyuma na njia inafunguka. Maji yakipungua nguvu, springi inakirudisha kisahani mahali pake, na inakirudisha kabla maji hayajaanza kugeuka. Zile valvu za zamani zenye kibao cha bawaba husubiri maji yageuke kwanza ndipo yabamize kibao, na ndiyo sababu bomba hupiga kishindo mpaka ukuta unatikisika. Springi haisubiri. Gharama yake ni moja tu: muda wote maji yanapopita, inayaibia nguvu kidogo.

Siku kadhaa nilimwona fundi akiitoa springi hiyo na kuirudisha valvu bila springi, pale mteja alipolalamika maji hayana nguvu. Nikaona hiyo ndiyo siri ya ufundi. Sikuona kwamba alifanya hivyo kwenye mabomba yaliyosimama wima tu, ambako kisahani hushuka chenyewe kwa uzito wake. Kwenye bomba lililolala hakuna kitu cha kukishusha. Kinabaki kinaning'inia wazi kama mdomo wa mlevi.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mlinzi wa pampu ya kijiji chetu upande wa Ziwani. Kwetu mjomba si mtu wa pembeni. Ndiye aliyenilipia shule, ndiye ambaye angesimama kwenye posa yangu, na nikikosea yeye ndiye anayeulizwa. Alitunza ufunguo wa kibanda cha pampu kwenye kamba shingoni, akalala nao, akaswali nao. Kisima kilikuwa bondeni, mashine ya dizeli ikisukuma maji hadi tangi la juu karibu na shule, na kutoka hapo yanashuka kwenye magati ya watu kuchotea. Bomba la kupandia lilipita nyuma ya nyumba yake, na kamati ya maji ya kijiji ilimruhusu kuunganisha koki moja papo hapo. Ilikuwa heshima. Nyumba nyingine zote zilipanga ndoo.

Nilipokwenda kusalimia, alinishika mkono mpaka kibandani.

"Mpwa wangu, wewe umesoma. Mbona maji yanapanda kama mgonjwa?"

Mashine ilikuwa imechoka, na dawa yake ilikuwa kuifungua na kubadilisha pete. Hilo sikulijua. Nilichojua ni springi. Nilifungua valvu iliyolala hapo sakafuni kando ya pampu, nikachokoa springi, nikamweleza mjomba kwamba kazi yake ni kuzuia maji yasirudi, ila kisahani peke yake kinatosha. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyezaliwa ndani ya bomba. Tukawasha. Maji yakaingia tangini kwa kelele iliyosikika mpaka msikitini. Bibi yangu, mama yake mjomba, aliyekuwa na nyumba yake uani kwa mwanawe, alijaziwa kikombe akanywa chote na kuniombea dua ndefu. Nikarudi Ufukoni nimevimba kichwa.

Nilirudi tena msimu wa korosho ukiwa umechanganya, kwa taarifa kwamba bibi amefariki. Alikufa kwa uzee, na kifua kilimsumbua siku nyingi. Nilifika asubuhi, nikawakuta wanaume wamekaa kwenye mikeka, nikapewa maji ya kunywa kwa ajili ya safari. Niliyapeleka mdomoni nikayashusha. Yalikuwa na ule utamu. Chini ya kikombe ulikuwa umekaa uzi mwembamba wa rangi ya kahawia, unateleza kama kamasi.

Nilimuuliza mtu niliyekaa naye. Akasema maji yako hivyo tangu mabibo yaanze kuanguka, watu wamelalamika, wakaambiwa ni kutu. Bibi naye alilalamika. Mwezi wake wa mwisho kila akinyweshwa alisema maji yamechacha, na waliomuuguza walimjibu kwa upole kwamba ni ugonjwa, umemharibu ulimi. Alikuwa na ulimi mzima kuliko kijiji kizima.

Nikajifanya naenda chooni. Nyuma ya nyumba ya mjomba lilikuwepo pipa la lita mia mbili, na ndani yake makapi ya mabibo yaliyolowekwa. Mke wa mjomba alikuwa akipika uraka, pombe ya mabibo, na kuuza kwa siri ambayo kila mtu aliijua. Mjomba hakunywa, lakini hakukataza. Mpira wa maji ulitoka kwenye koki, ukapanda ukingo wa pipa na kuzama mpaka ndani kabisa, kama mke wa mjomba alivyozoea kuuacha kila siku. Koki ilikuwa wazi. Juu ya pipa povu la kijivu lilipumua, funza weupe wakijikunja humo, nzi wamefanya kifuniko.

Mashine bondeni, ambayo mjomba aliiwasha alfajiri, iliishiwa dizeli nikiwa nimesimama pale. Nilisikia ikikohoa na kunyamaza, halafu nikaona kiwango cha pipa kinashuka. Povu lilianza kuzunguka polepole kuelekea mdomo wa mpira, likabeba funza, likabeba maganda, na mpira ukatoa sauti ya mzee anayekunywa uji. Maji yote yaliyokuwa yamesimama ndani ya bomba yalikuwa yanateremka kurudi kisimani, yakivuta nyuma yake kila yalichokikuta, na pale sakafuni kibandani kisahani changu kilikuwa kinaning'inia, kikiyapisha. Kesho yake mashine ingeyapandisha tena. Ndivyo ilivyokuwa kila siku, tangu mabibo yaanze.

Niliuchomoa mpira nikaifunga na koki. Nikatapika kando ya ukuta.

Hapo ndani wanawake walikuwa wanachemsha maji ya kumwoshea bibi. Kazi yangu ilikuwa ndogo na nyepesi: kwenda mlangoni na kusema maji haya hayafai, nimeyaharibu mimi. Bibi aliyeswali swala tano miaka yote ile alikuwa anakwenda kuogeshwa kwa pombe, na mimi peke yangu nilijua kwa nini. Nilirudi nikakaa mkekani. Nikainamisha kichwa kama mfiwa. Mtu mmoja alinipiga bega akaniambia nivumilie, bibi alikuwa mtu mwema. Nikaitikia. Nimewahi kufanya mambo mabaya mengine katika kuzunguka kwangu, lakini lile la kuitikia pole bado linanifanya nitake kujivua ngozi.

Aliyesema nililolinyamazia ni mtani. Ukoo wetu una watani wake, na kwenye msiba ndio wanaoshika shughuli: wanakosha, wanapika, wanakudai na kukutukana, na huruhusiwi kukasirika. Mtani wa siku hiyo alikuwa mama mtu mzima, mfupi, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Alitoka na ndoo inayofuka mvuke, majani ya mkunazi yanaelea juu, akaiweka katikati ya mikeka ya wanaume, mbele ya mjomba. Mvuke ulitupiga usoni. Moto ulikuwa umeiamsha ile harufu.

"Mtani," akamwambia mjomba, "mama yako kilabuni hakufika hata siku moja. Leo mnamsindikiza huko?"

Wachache walicheka, maana mtani akisema unacheka. Yeye hakucheka. Alichota kikombe akamnyooshea.

"Kunywa basi. Wewe ndiye mwenye maji. Ukisema safi, naingia namkosha."

Mwalimu wa madrasa alitazama chini. Mjomba alikipokea kikombe. Alikinusa, na nikaona uso wake unavyofanya hesabu: pipa, mpira, koki, bomba, kibanda, na mimi nimepiga magoti sakafuni nimeshika springi kati ya vidole viwili. Alinitazama mara moja tu. Halafu akanywa, taratibu, mpaka mwisho, mtu ambaye sijawahi kumwona akionja pombe hata ya kulamba.

"Ni uraka," alisema. "Umetoka nyuma ya nyumba yangu. Valvu kule chini haina springi, maji yanarudi. Springi nimeitoa mimi. Nilitaka yapande haraka."

Alivua kamba ya ufunguo shingoni akaiweka mkekani mbele ya mwenyekiti wa kamati. Mtani alichukua ndoo yake akaenda kuimwaga mbali na mlango.

Kilikuwepo kisima cha zamani upande wa pili wa mashamba, mwendo wa nusu saa, chenye vyura na maji yenye chumvi kidogo, lakini maji. Mjomba alichukua ndoo mbili akatangulia. Nilichukua mbili nikamfuata. Tulikwenda hivyo chini ya mikorosho, mabibo yakipasuka chini ya kandambili zetu, hakuna mahali pa kukanyaga pasiponata. Tukiwa tumeshachota, tunarudi, nikapata ujasiri wa kijinga.

"Mjomba, nikifika nitawaambia."

Hakugeuka. "Ungewaambia ulipokuwa umekaa."

Bibi alikoshwa kwa maji ya vyura na kuzikwa alasiri. Makaburini mjomba alishuka mwenyewe ndani kumpokea mama yake, na pumzi yake ilinuka. Kila aliyeinama kumpa mkono aliisikia.

Nilibaki siku nne. Kamati iliona kwa kuwa nipo na ni fundi, nisaidie. Nilisafiri mpaka mjini nikarudi na valvu mpya, nikaifunga, tukatoa maji ya kisima siku mbili mfululizo mpaka yakawa hayana rangi. Mwenyekiti mwenyewe alishika ufunguo akisimama nyuma yangu. Niliomba mashine izimwe, nikalaza sikio juu ya shaba, nikaisikia springi ikifunga, mlio mdogo kama mtu anayebana meno. Mwenyekiti alinisifu. Akasema ingekuwa vizuri kama mjomba angeniita mimi mapema badala ya kujifanya fundi. Nilikuwa na spana mkononi, nikaendelea kuifuta kwa kitambaa, nikaifuta mpaka ikawa haina cha kufutwa.

Siku ya kuondoka nilipata nafasi juu ya lori la korosho linalokwenda mjini. Lilipita kwenye gati la chini, lile la wote. Koki ya nyumbani kwa mjomba ilikuwa imeshakatwa. Alikuwa kwenye foleni, wa tisa au wa kumi, nyuma ya wanawake, ndoo mbili tupu miguuni, shingo yake wazi. Watu waliokuwa mbele na nyuma yake walikuwa wamemwachia nafasi kidogo kila upande. Alilisikia lori, akainua macho. Mimi nililala chali juu ya magunia, nikatazama mbinguni mpaka tulipoipita kona.