Mtani Aliyedai Hesabu Zangu

Nina kijicho, na sioni haya kusema. Wengine huzeeka wakapoa. Mimi nimezeeka na wivu wangu uko palepale, na ninayemwonea wivu huo ni Mgogo mmoja niliyesoma naye Tabora, enzi za Mwingereza.

Kabla hajaja, hesabu zilikuwa zangu. Nilitoka kijiji cha Ntalikwa, kwa wakulima, sina viatu, Kiingereza cha kubabaisha, lakini mwalimu akiandika mlinganyo ubaoni darasa zima lilinigeukia mimi. Nilizipenda herufi zile. Wenzangu waliona x ni uchawi wa Wazungu. Mimi niliona ni mtu aliyejificha nyuma ya ghala, kazi yako ni kumzungukia tu mpaka atoke. Nilikuwa wa kwanza muhula baada ya muhula, na nilizoea vibaya.

Ndipo akaletwa yeye kutoka shule ya Dodoma, mrefu, masikio yametogwa, meno nje muda wote. Siku ile ile mwalimu akatuuliza kwa nini ukijumlisha namba witiri kuanzia moja, moja na tatu, kisha tano, kisha saba, kila mara unapata kipeo cha pili: nne, tisa, kumi na sita. Nikanyoosha mkono nikaanza aljebra yangu ndefu. Yeye akaenda ubaoni, akachora kitone kimoja, akakizungushia vitatu pembeni ukawa mraba, akazungushia na vitano ukawa mraba mkubwa zaidi. Akarudi kukaa. Darasa likaguna kwa raha. Mwalimu, Mwingereza asiyejua kucheka, akacheka.

Sasa, Mgogo ni mtani wa Mnyamwezi, na mimi ni Mnyamwezi. Babu zetu walipobeba mizigo kwenda pwani walipita Ugogo, na Wagogo walikaa njiani wakadai hongo, ushuru wa kupita na kunywa maji. Ugomvi ule ukageuka utani, na mtani akikutukana hukasiriki, unamrudishia. Basi nikapata pa kuufichia wivu wangu. Nilimwita mla vumbi, mchunga ng'ombe wa watu, mtu wa njaa anayehesabu vitone kwa kuwa kwao hakuna punje za kuhesabu. Watu walicheka, naye akacheka kuliko wote. "Nyamaza mpagazi," alinijibu, "nani amekutua mzigo?" Hakujua kwamba sikuwa natania. Kila tusi nililimaanisha.

Mwaka wa mwisho mwalimu alitangaza kwamba jioni atafundisha kalkulasi nyumbani kwake, mwanafunzi mmoja tu, na huyo ndiye atakayempendekeza kwenda kusomea hesabu chuoni Uganda. Atakayeongoza katika jaribio ndiye atakayechukua nafasi. Niliitaka nafasi ile kuliko chakula. Kalkulasi nilikuwa nimeisikia tu, kwamba ni hesabu za vitu visivyotulia, nikaona imeumbwa kwa ajili yangu. Kila nikimfikiria yule Mgogo ameketi barazani kwa mwalimu akifunuliwa mambo hayo, na mimi niko bwenini, nilikosa usingizi.

Siku chache kabla ya jaribio bibi yangu mzaa mama akafariki. Nikapewa ruhusa ya kwenda kuzika. Mgogo naye akaomba ruhusa, maana msiba wa Mnyamwezi hauendi bila mtani. Tulitembea pamoja hadi Ntalikwa. Njia nzima alinichekesha, nami nilikataa kucheka.

Katekista alipomaliza sala, tukalibeba jeneza. Mgogo akajilaza chali katikati ya njia ya makaburini. "Wapagazi, mnapita kwetu," akasema. "Wekeni hongo." Wanawake wakaanza kucheka huku machozi yakiwatoka, na hiyo ndiyo kazi ya mtani. Mjomba wangu akampa jogoo. Akakataa. Akampa kibuyu cha asali. Akakataa. Akaninyooshea kidole.

"Nataka nafasi ya huyu. Nafasi yake ya hesabu kwa mwalimu wetu, akiipata."

Mjomba hakujua ni nafasi gani wala ya nini. "Mpwa wangu, mpe," akasema. "Jua kali, na bibi yako anangoja."

Watu wote wakanitazama. "Chukua," nikasema. Akainuka, akajikung'uta vumbi, tukaenda kuzika.

Jaribio likafika. Swali la mwisho lilitaka tuthibitishe kwamba namba nzima tatu zinazofuatana ukizizidisha, jibu lazima ligawanyike kwa sita. Nililiona lote kwa mara moja: katika tatu zinazofuatana haikosi kuwamo namba shufwa, na haikosi moja inayogawanyika kwa tatu. Basi. Kalamu ikakimbia yenyewe. Mgogo alipotea kwenye milinganyo, alisahau alama ya kutoa mahali fulani, na kila kilichofuata kikaharibika. Mwalimu aliposoma matokeo, jina langu likiwa la kwanza na la Mgogo la pili, nilitaka kulia kwa furaha. Nikageuka kumtazama, nione ameumia kiasi gani. Hiyo ilikuwa nusu ya raha yenyewe.

Alikuwa anacheka. Akasimama. "Mwalimu, nafasi hiyo ni yangu. Alinilipa hongo mbele ya jeneza la bibi yake."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakuelewa kitu. Akaniuliza kama ni kweli nimempa.

Mnyamwezi yeyote mwenye akili timamu angemrushia tusi moja, la ng'ombe au la njaa, watu wangecheka, na nafasi ingebaki yangu. Lakini matusi yangu yote yalitoka kwenye wivu, na siku ile nilikuwa nimeshinda. Nilitafuta tusi kichwani nikakuta hakuna. Nilichokiona ni lile jeneza, na mjomba akisema mpe.

"Ni kweli," nikasema. "Nimempa."

Kicheko kikakatika. Mwalimu akanitazama, akainua mabega, akalikata jina langu, akaendelea na somo.

Baada ya masomo Mgogo akanifuata nyuma ya bweni, safari hii hacheki. "Mbona hukunitukana?" akaniuliza. "Nilikuwa nangoja unitukane." Akasema atakwenda kwa mwalimu kuyarekebisha mambo. Nikamwambia hongo ya msiba hairudishwi. Kilikuwa kiburi tu. Wivu ulikuwa umesharudi, na nilitaka aende kule huku roho ikimsuta.

Akaenda. Na kila alipotoka barazani kwa mwalimu alinitafuta, akachuchumaa, akachora mchangani kwa kijiti yale aliyofundishwa. Alichora mstari uliopinda kama mgongo wa ng'ombe, akaweka alama mbili juu yake, akaziunganisha kwa mstari mnyoofu. Kisha akaisogeza alama moja kuielekea nyingine, kidogo, kidogo tena, mpaka mstari ule mnyoofu ukawa unagusa mahali pamoja tu. "Mwinamo wa hapa ndio huo," akasema. "Umeona?"

Nikasema sijaona. Akafuta, akaanza upya bila kuchoka.

Nilikuwa nimeona mara ya kwanza, mpaka mwili ukanisisimka. Alikwenda Uganda, mimi nikabaki, na nafasi ile nilishamsamehe zamani. Lakini hakuna mwalimu, Mzungu wala Mwafrika, aliyepata kunifundisha vizuri kama yule Mgogo, na hilo sijamsamehe.