Wagonjwa wa Nyuma ya Adams Arcade

Ajit Bhogal alikuwa mkarimu kwa kila kiumbe isipokuwa wale aliowapenda. Dukani kwake Barabara ya Kirinyaga, katikati ya jiji, fundi yeyote aliyeingia kutafuta beringi au mkanda wa injini alipewa chai ya tangawizi kabla hata hajasema anataka nini. Nyumbani kwake, mtaa wa nyuma ya Adams Arcade, alifuga njiwa ishirini ambao aliwanyima chakula kwa makusudi.

Hawakuwa ndugu wa wale njiwa wanaookota makombo ya chipsi mjini. Hawa walikuwa njiwa wa pindu. Wakiwa juu angani, mmoja huacha ghafla kupiga mbawa, hujitupa kinyumenyume, hubingirika kama gurudumu lililochomoka kwenye lori, kisha hunyooka na kurudi kwa wenzake kana kwamba hakuna lililotokea. Kundi lililofunzwa vizuri hufanya hivyo kwa pamoja. Kwa nini hufanya hivyo, hakuna ajuaye. Nimewahi kuona watu wazima Lahore na Kairo wakigombana juu ya swali hilo mpaka chai ikapoa. Ajit hakugombana na mtu. Alisema njiwa hupiga pindu kwa sababu baba yake alipiga pindu, kama yeye alivyouza beringi.

Kilichomsumbua zaidi ni tabia zao. Njiwa wa pindu aliyeshiba ni mvivu: hapandi juu, au hupanda na kusahau kazi iliyompeleka, au huketi juu ya paa la mtu na kutazama magari. Kwa hiyo Ajit aliwapa shayiri kidogo jioni, ndani ya banda, baada ya kuruka na si kabla. Alitikisa mkebe wa nafaka, nao wakashuka mbio.

"Njiwa aliyeshiba hana sababu ya kurudi nyumbani," alimweleza mkewe, Indu.

"Wewe umeshiba miaka thelathini," Indu akasema, "na kila jioni unarudi kuuliza kuna nini kingine."

Ukali huo wote ulikuwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyeitwa Thuo. Thuo alikuwa na nyumba za kupangisha Kinoo, na jozi yake ya kwanza ya njiwa aliipata kwa Ajit mwenyewe, kosa ambalo Ajit alikumbushwa kila Siku ya Jamhuri, kwani siku hiyo ndiyo walishindana. Asubuhi kundi la Thuo liliruka Kinoo. Alasiri la Ajit likaruka nyuma ya Adams Arcade. Mwamuzi alikuwa Ndunge, mwenye duka la chakula cha mifugo Dagoretti Corner, ambaye wote wawili walikuwa wateja wake na kwa hiyo hakumpenda yeyote kuliko mwenzake. Alihesabu pindu zilizopigwa kwa pamoja. Kisha kundi lilipaswa kutua lilikorukia. Likitua kwingine, hesabu yote ilifutwa.

Sheria ya mwisho ilitoka kwa babu yake Ajit, aliyeitoa Punjab pamoja na kilemba chake: mshindi huingia banda la mshindwa na kuchagua njiwa mmoja. Njiwa huyo harudishwi, wala haombwi.

Mwaka huo, 2005, Thuo alitangaza mapema.

"Kala," alisema, kwani hakuwahi kumwita Ajit ila kwa jina hilo la mtaani la Singasinga, "sitaki tena madume yako. Nataka ule msichana wa kijivu."

"Ndoto ni bure, Thuo."

"Nimeshamjengea chumba. Choo ndani, maji masaa yote."

Msichana wa kijivu alikuwa Bijli, jike dogo lenye alama nyeupe kwenye bawa moja. Alianguka kwa mstari ulionyooka kuliko wote na alijua pa kusimama. Alikuwa wa mwisho katika kizazi cha njiwa alioachiwa Ajit na baba yake, na alikuwa bado hajaangua kifaranga hata mmoja. Ajit angempa Thuo funguo za duka kwa moyo mweupe kuliko kumpa Bijli.

Basi ndipo, mwezi wa nane, kundi likaharibika tabia.

Liliruka vizuri, likapiga pindu vizuri, kisha badala ya kushuka kwenye banda lilivuka ukuta na kutua juu ya gereji ya jirani. Ajit alipuliza filimbi. Alitikisa mkebe mpaka mbwa wa mtaa wakaanza kubweka. Aliwatoa njiwa wengine wawili, weupe wanono, ambao kazi yao ni kukaa juu ya banda wawavute wenzao waliopo angani. Wale weupe walitazama ng'ambo ya ukuta, wakafikiri kidogo, wakaenda nao.

Jirani huyo alikuwa Bi Aarti, mjane. Tangu mumewe afariki, kila siku alipanda juu ya gereji na sinia la mawele, akawamwagia ndege kwa ajili ya roho ya marehemu. Kwa Wahindu hilo ni jambo jema lisilo na mjadala, na kwa Masingasinga pia. Ajit mwenyewe kila Jumapili alivua viatu katika gurdwara, hekalu lao, na kuwagawia chapati watu asiowajua. Angepitia wapi kumwambia mjane aache kuwalisha wenye njaa? Tena wenye njaa hao alikuwa amewafanya wawe na njaa yeye.

Alikwenda hata hivyo. Alimkuta Bi Aarti kibarazani akipepeta mchele. Kabla hajafungua kinywa, yule mama akamshika mkono kama kaka yake.

"Bhai sahib, afadhali umekuja. Wale njiwa wako, maskini, wana kifafa?"

"Kifafa, bhabhi-ji?" Ajit akauliza, akimwita shemeji kwa heshima.

"Nawaona kila siku. Wanaruka vizuri, halafu mmoja anashikwa. Anaanguka, anaanguka, mpaka moyo wangu unasimama. Marehemu alikuwa hivyo hivyo katika biashara zake. Na wamekonda! Nikiwashika nagusa mifupa."

Mtu mwingine angeeleza. Lakini maelezo hayo yangefika mahali ambapo angelazimika kusema, nawanyima chakula ili waanguke vizuri zaidi, na Ajit alitazama yale macho, akaona mlango mwingine uko wazi.

"Ni ugonjwa wa ukoo," alisema. "Daktari amekataza wasile nje. Nafaka ikitangulia dawa, inawadhuru."

Bi Aarti akajifunika mdomo kwa ncha ya sari. "Na mimi nimekuwa nikiwapa sumu!"

"Hukujua, bhabhi-ji."

Kuanzia siku hiyo aliwalisha ndege wengine asubuhi tu, njiwa wa Ajit wakiwa wamefungiwa, na jioni sinia halikuonekana. Kundi likarudi katika tabia njema. Likatii mkebe. Hata wale weupe walirejea kazini wakijifanya hawakuwahi kuondoka. Ajit alimwambia Indu kwamba hajawahi kutatua tatizo la njiwa kwa urahisi namna hiyo.

"Umemdanganya mjane," Indu akasema.

"Nimemtuliza."

Kulikuwa na usumbufu mdogo tu. Kila jioni Bi Aarti alisimama kwenye ukuta akitazama angani, na kila njiwa alipoanguka alisema, "Ram, Ram," akimwita Mungu. Kisha aliuliza habari za wagonjwa. Kadiri kundi lilivyoboreka, ndivyo lilivyoanguka zaidi, na ndivyo Ajit alivyolazimika kutoa taarifa mbaya zaidi akiwa na uso wa furaha.

"Leo wameshikwa saba kwa mpigo!" Bi Aarti alisema jioni moja.

"Saba," Ajit akajibu, akishindwa kuficha meno yake. "Ndiyo, bhabhi-ji. Ni huzuni."

Siku ya Jamhuri ilipofika, kundi la Thuo lilikuwa limeruka Kinoo bila ajabu kubwa. Mwewe alipita, njiwa wakatawanyika, Ndunge akaandika alichoona. Alasiri wote watatu walikuwa nyuma ya nyumba ya Ajit, wamekalia viti vya plastiki, shingo zimelala nyuma. Njiwa walikuwa hawajala tangu jana yake. Ajit akafungua mlango wa banda.

Walipanda kama kitu kimoja. Walizunguka juu ya miti ya mtaa, wakakunja kona, na Bijli akajitupa. Wenzake hawakumngoja. Kumi, kisha karibu wote, walianguka pamoja, kama konzi ya kokoto iliyotupwa kutoka mbinguni, wakasimama pamoja, wakapanda tena. Wakarudia. Ndunge aliacha kutafuna njugu zake. Thuo, ambaye kwa kawaida alikuwa na neno kwa kila pindu, alivuta kiti chake karibu na cha Ajit.

"Kala," alisema mwishowe, "hizi ndege umezipatia nini?"

"Sijazipatia kitu," Ajit akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane alikuwa amesema kweli tupu.

Mara ya tatu walianguka wote ishirini. Kule ng'ambo ya ukuta ikasikika sauti ya kilio.

Bi Aarti alikuwa akitazama. Mmoja akishikwa, ni ugonjwa. Saba wakishikwa, ni hali mbaya. Lakini ishirini kwa mpigo ni mwisho, na mwisho una taratibu zake. Kiumbe kinachokufa hakiachwi kiondoke na njaa, wala hakiachwi kiondoke bila maji ya Ganga, mto mtakatifu, mdomoni. Alipanda ngazi ya gereji haraka kuliko umri wake ulivyoruhusu, sinia la mawele mkono mmoja na chombo kidogo cha shaba mkono mwingine. Akamwaga mawele. Akaita, "Aao, aao, aao."

Ajit alitikisa mkebe kama mtu anayezima moto. Njiwa walizunguka mara moja juu yake, kwa adabu, kisha wakashuka wote juu ya gereji ya Bi Aarti, Bijli akitangulia. Mjane akapita katikati yao huku akilia, akiwainua mmoja mmoja na kuwadondoshea maji mdomoni.

"Bhai sahib!" alimwita kwa Kihindi. "Usilie! Hakuna atakayeondoka na kiu. Nimemaliza yote, hata tone halikubaki!"

Chombo kile kila jirani alikijua. Mumewe Bi Aarti alifia hospitalini usiku ambao hakuna aliyekuwa naye, bila tone la maji hayo. Baadaye mwanawe alisafiri mpaka Haridwar, ukingoni mwa mto huo, akamletea mama yake chombo kilichozibwa kwa nta, naye akakiweka kando ya kitanda, kwa ajili ya siku yake mwenyewe ya mwisho.

Ajit alipokwisha kuwaeleza wenzake habari ya kifafa na daktari, Ndunge alifunga kalamu yake. "Hii haihesabiki," alisema. "Huyu mama ameingilia. Mimi kama refa nasema mrudie Jumapili."

Thuo alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa tu mwenye nyumba. "Sawa, turudie. Lakini mama aambiwe ukweli kwanza. Aelezwe hizi ndege si wagonjwa, ni mchezo. Sababu kama haelewi, Jumapili atapanda huko tena, na mimi siwezi kuja hapa kila wiki."

"Hiyo ni haki," Ndunge akasema. "Kala, enda umwambie."

Ajit alitazama gereji. Bi Aarti alikuwa ameketi pale juu sasa, manyoya ya njiwa yamemjaa mapajani, chombo kitupu kimelala pembeni. Bijli alikuwa juu ya goti lake, akila.

"Asiambiwe," alisema.

"Nini?" Thuo akauliza.

"Asiambiwe kitu. Thuo, umeshinda."

"Kala, unajua ni nani nitamchukua."

"Si nimesikia amejengewa chumba?" Ajit akasema, akaingia ndani kutafuta boksi.

Thuo alipanda gereji ya Bi Aarti akiwa na boksi la viatu lenye matundu. Yule mama alimpangusia nafasi ya kukaa.

"Wewe ndiye daktari?" alimuuliza kwa Kiswahili.

Thuo aligeuka. Ng'ambo ya ukuta Ajit alikuwa amesimama, kilemba kimekaa upande, akimtazama kwa namna ambayo Thuo hakuwahi kutazamwa na mpinzani.

"Eeh, mama," alisema. "Ni mimi daktari."

"Unampeleka huyu?"

"Huyu ndiye ako na hali mbaya zaidi. Nitamlaza kwangu Kinoo."

Bi Aarti alimpa mfuko mzima wa mawele, kwani sasa mgonjwa alikuwa mikononi mwa mtaalamu, na akamwagiza asimrudishe mpaka apone.

Siku zilipita. Jioni moja simu ya Ajit iliita akiwa kando ya ukuta, na Bi Aarti upande wa pili akisubiri taarifa ya siku.

"Kala, huyu msichana wako ameharibika," Thuo alisema. "Anakula zile mawele, analala, akipanda anaruka kama kunguru. Haanguki. Hata mara moja. Nimpatie nini?"

Ajit alijua dawa. Ilikuwa fupi: mfuko wa mawele utupwe, shayiri kidogo jioni, na kabla ya wiki kwisha Bijli angekuwa akianguka juu ya Waiyaki Way kwa mstari ulionyooka.

"Ngoja kidogo," alisema, akafunika simu. "Bhabhi-ji, ni daktari. Anasema Bijli haanguki tena."

Bi Aarti aliweka viganja pamoja, akavigusisha kwenye paji la uso.

Ajit alirudi kwenye simu. "Mwendelezee mawele," alimwambia Thuo. "Usimpunguzie hata kidogo."

Indu alikuwa mlangoni na alikuwa amesikia yote. Alisubiri mpaka jirani akaingia ndani kuwasha taa yake ya ibada.

"Hilo umelifanya kwa ajili ya mjane," alimuuliza, "au kwa ajili ya Jamhuri ya mwaka ujao?"

"Kwani ni lazima nichague?" Ajit akasema, akaenda kuwanyima njiwa wake chakula.