Mwenye Kofia ya Njano

Mimi ni fundi wa matairi. Kibanda changu kiko kando ya barabara kuu pale Same, na kazi yangu ni kuziba pancha, kujaza upepo na kusikiliza madereva wakilalamika kwamba nawachelewesha. Labda ndiyo sababu nilizipenda mbio za magari. Jumapili moja nilikuwa nabofya rimoti nikitafuta mpira, nikakuta gari limesimama, watu wamelivamia kama siafu, na kabla sijatua kikombe cha chai mezani, tairi zote nne zimebadilishwa na gari limeshaondoka. Mpira nikawaachia wenye timu zao kuanzia siku hiyo.

Hapa Same ukisema unafuatilia mbio za magari wanakuangalia kama mtu anayekula ugali kwa uma. Huna wa kubishana naye. Vijana wa stendi wanamjua kila mchezaji wa Ulaya na goti lake linalouma, lakini waambie kwamba dereva fulani kahamishwa timu katikati ya msimu, watakuuliza anabeba abiria au mizigo. Mke wangu alikuwa anasinzia mara tu magari yakianza kuunguruma. Kwa hiyo niliangalia peke yangu kwa miaka, mpaka mama alipoletwa.

Nasema alipoletwa kwa sababu hakuja kwa hiari. Mama ni mtu wa Mhezi, juu milimani, ameishi huko tangu aolewe. Baba alipofariki alibaki na nyumba, migomba na zamu yake ya maji. Kwetu juu maji ya kumwagilia hukusanywa kwenye ndiva, bwawa la wote, na kila mwenye shamba ana siku yake ya kufungua mfereji. Asubuhi moja ya zamu yake alishuka na jembe, akateleza, akavunjika nyonga. Majirani walimbeba hadi kwenye gari. Alipotoka hospitali sisi watoto wake tulikubaliana akae kwangu mpaka apone, kwa kuwa mimi ni kitinda mimba na ndiye niliye karibu.

Siku ya kwanza tu aliniuliza, "Kwangu narudi lini?"

Nikamwambia, "Mama, siku utakayotembea kutoka mlangoni hadi getini bila kushikwa na mtu, nakupandisha mwenyewe."

Nilisema hivyo kumtuliza. Yeye alilipokea neno hilo kama hukumu ya mahakama. Makabila mengine hututania kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe afuatilie kesi ya kuku, na mimi huwa nacheka nao, lakini kwa mama yangu huo si utani. Ukishampa neno, ameshalifungia kwenye upindo wa kanga. Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, alikuwa uani na fimbo yake, anahesabu hatua kwa Chasu, lugha yetu Wapare, na mtu akimkaribia kumsaidia anafukuzwa.

Mchana alikaa kibarazani. Joto la Same lilimuudhi, vumbi likamuudhi zaidi, na maji yetu ya bomba aliyaita maji ya chumvi mbele ya wageni. Milima ilikuwa pale pale mbele yake siku nzima. Ikifunikwa na wingu alinung'unika kwamba huko kunanyesha na hakuna wa kuziba paa la jikoni kwake.

Jumapili alikuwa akirudishwa na mke wangu kutoka kanisani, ananikuta nimeshajipanga mbele ya televisheni. Mwanzoni alikaa kwa kukosa pa kwenda.

"Hawa wanakwenda wapi?"

"Hawaendi popote, Mama. Wanazunguka."

"Wanazunguka tu?"

"Ndiyo."

"Na mafuta yote hayo!" akasema, akavuta kiti karibu.

Kilichomnasa si mwendo. Aliona dereva mmoja mwenye kofia ya njano akiinua mkono kuwashukuru waliombadilishia tairi, kabla hajaondoka. "Huyu kalelewa," mama akasema. "Wateja wako hukuinulia mkono?" Nikamwambia hawainui, wengine hata kulipa hawataki. "Basi huyu ndiye wetu." Tangu hapo tulikuwa wawili, na sitasahau raha ya kuwa na mtu wa kuongea naye habari hizo. Alikula makande yake akiangalia wanaobadilisha tairi, kisha ananigeukia. "Wenzio sekunde tatu. Wewe mtu anaweza kwenda kuzika na kurudi, bado unatafuta jeki."

Msimu ule mwenye kofia ya njano alikuwa amechukuliwa na timu kubwa, moja ya zile zinazoshinda. Hakushinda. Mbio chache tu zilipita, nikasoma kwenye simu kwamba wakubwa wamemtoa, wamemrudisha timu ndogo, na kijana aliyekuwa huko kwenye timu ndogo wamemleta kukalia kiti chake. Nilimweleza mama wakati anachambua mboga.

"Kosa lake nini?"

"Mwenzake kwenye timu anamzidi."

"Anamzidi kiasi gani?"

"Kama nusu sekunde kila mzunguko."

"Nusu sekunde ndiyo nini?"

Nikafumba macho na kufumbua. "Ndiyo hiyo."

Akaweka mchicha chini. "Kikao kilikaa?"

"Wakubwa walikaa."

"Yeye alikuwepo?"

"Sidhani, Mama. Nadhani alipigiwa simu tu."

"Mtu mzima anahamishwa kwa simu!" Aliniangalia kama mimi ndiye niliyepiga. "Akate rufaa."

Nilimwambia kule hakuna rufaa. Akasema hakuna pahali pasipo na rufaa, ila watu wavivu. Siku mbili nzima aliishupalia kesi hiyo, mara na mimi, mara na mke wangu, mara na muuza maziwa ambaye hakujua inamhusu nani. Mimi nilicheka, lakini kwa kweli iliniuma pia. Unakaa hapa na rimoti yako, unampenda mtu, unamwona anavyojitahidi, na wanaoamua hawajui hata kama uko duniani.

Katikati ya msimu baba mdogo alipiga simu kutoka Mhezi. Yeye ni mdogo wake baba, jirani yake mama kwa upande wa juu. Baada ya salamu ndefu alisema zamu ya mama ya maji inapita bure, watu wameanza kusema, kwa hiyo ameona jirani mmoja aitumie. Kwa muda tu. Mama alijibu sawa, akanirudishia simu yangu. Jioni ile alifanya mazoezi mara ya pili, hakuwahi kufanya jioni, na alipofika nusu ya uwanja miguu ikamgomea, akakaa chini kwenye vumbi. Nilikwenda kumwinua akanipiga fimbo ya ugoko. Nikasimama pembeni nikimwangalia anavyotambaa kuufikia ukuta ili ajiinue mwenyewe, na hakuna nilichoweza kufanya.

Mwenye kofia ya njano naye kule kwenye timu ndogo hakuwa na nafuu. Siku moja injini ilizima, siku nyingine aligongwa kwenye kona ya kwanza. Mama hakumwacha. Wale wa mbele hakuwatazama kabisa, alisubiri tu kamera imrudie wake, na akimpita hata mtu mmoja, mama anapiga paja kana kwamba ameshinda yeye.

Mwezi wa kumi na moja, asubuhi moja, nilikuwa napakia kompresa ya upepo kwenye toroli niende kazini, nikasikia bati la geti linagongwa kwa ndani. Mama alikuwa ameshika chuma cha geti, anahema, jasho linamchuruzika. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Hukumu imetoka," akasema.

Niliiacha toroli nikamkimbilia. Mke wangu alipiga vigelegele, majirani wakatoka. Nikamwambia mama kwamba Krismasi tunakula kwake, tunapanda wote. Kisha nikampigia kaka kumpa habari.

Kaka ni mzaliwa wa kwanza, anaishi Dar es Salaam. Ndiye aliyebeba gharama za hospitali bila hata mara moja kutukumbusha, na nikisema vibaya juu yake nitakuwa mwongo. Alifurahi sana. Alisema asante Mungu. Halafu akasema, "Kwa hiyo sasa anaweza kusafiri."

Sikumwelewa mara moja. Alinieleza taratibu. Alikuwa ameandaa chumba cha chini, chenye choo chake. Amepata dada wa kukaa naye kutwa. Daktari yuko karibu. Akirudi Mhezi, nani atakuwa naye akianguka tena kwenye mteremko? Nikikaa naye Same, mimi na mke wangu tunashinda kazini, anabaki na nani? Kila alichosema kilikuwa kweli, na hapo ndipo nilipokosa pa kumshika. Mtu akikosea unaweza kubishana naye.

"Tutakaa kikao," nikasema.

"Tutakaa, mdogo wangu. Lazima tukae."

Kikao kilikaa kwangu, Jumapili ya mbio za mwisho za msimu. Sikuipanga mimi siku hiyo. Kaka alifika kwa gari lake, baba mdogo akashuka kutoka Mhezi na mkungu wa ndizi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akiangalia pembeni, nikajua yeye na kaka wameshaongea kwenye simu. Nilitaka kuzima televisheni kwa heshima ya wakubwa. Mama akakataa. Nikaondoa sauti tu, magari yakawa yanazunguka kimya kimya nyuma ya kichwa cha baba mdogo.

Waliongea vizuri. Hakuna aliyepandisha sauti. Walisema Mama ale nini, Mama alale wapi, Mama asipande ngazi. Baba mdogo akasema migomba ataitunza yeye, na kuhusu maji, basi, yule jirani aendelee nayo, maana ndiva hairuhusu zamu kukaa bila mtu. Mama alikuwa amekaa katikati yetu, anaangalia magari.

Ilipofika zamu yangu nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi, lakini maneno yalinitoka machache. "Mimi nilimwahidi. Na ametimiza."

Kaka akanishika bega. "Mdogo wangu, neno la kumtuliza mgonjwa huwezi kuliita ahadi."

Nilimwangalia mke wangu, naye anaangalia sakafu. Nilitaka kusema kwamba yule mama aliponda udongo wa uani kwa fimbo miezi yote ile akifuata neno langu, na kwamba chumba chenye choo ndani ni kizuri lakini hakina mlima. Nikaona nitaulizwa tena, akianguka je? Nikaangalia sakafu nami, nikajichukia, na kikao kikafungwa kwa sala.

Baada ya amina, kaka akakumbuka. "Mama, nawe unasemaje?"

Mama akamgeukia. "Kikao kimekaa?"

"Kimekaa, Mama."

"Na mimi nilikuwepo?"

Baba mdogo akacheka kidogo. "Shemeji, si wewe hapa umekaa?"

"Haya," mama akasema, akageuza uso kwenye televisheni. Mbio zilikuwa zimeisha. Wanaonyesha mtu ninayemjua na mama asiyemjali, anamwaga shampeni.

Waliondoka kesho yake asubuhi. Kaka aliniomba niangalie matairi kwa sababu safari ni ndefu, na nani mwingine angemwomba? Nikachukua kipimo, nikachuchumaa. Mama alikuwa ameshawekwa kiti cha mbele, kanga mpya, mkanda umefungwa, fimbo katikati ya magoti. Nilianza na tairi la nyuma. Niliupapasa mpira wote kwa kiganja, nikitafuta msumari. Nilitafuta kweli, nikamwomba Mungu hata mwiba. Matairi yalikuwa mapya yote, na upepo ulikuwa sawasawa. Nilipofika tairi la mbele, upande wake, nilipunguza upepo ili nipate kuujaza tena.

"Wenzio sekunde tatu," mama akasema kutoka dirishani.

"Najua, Mama."

"Yule wa kofia ya njano. Msimu ujao wamempeleka wapi?"

Nilikuwa nimeshasoma habari zake usiku uliopita. "Hawajampeleka popote. Kiti chake wamempa kijana mwingine."

"Timu nyingine hazimtaki?"

"Hazimtaki."

"Hata moja?"

"Hata moja, Mama."

Alitazama juu. Asubuhi ile milima ilikuwa wazi, hakuna wingu, ungeweza kuona mabati yanavyong'aa kwenye miteremko.

"Basi yeye atarudi kwao," akasema.

Kaka akawasha gari. Lilipoanza kusogea mama aliinua mkono dirishani, nami bado nimechuchumaa na kipimo cha upepo mkononi.